Kadi Iliyong'atwa Pembe

Kijiwe chetu kiko Kivinje, ubavuni pa gofu la Mjerumani, pale basi dogo la Masoko linaposimama kungoja abiria. Benchi moja, mguu wa nne tofali. Kahawa ni ya Tawakali. Sixbert, fundi simu aliyeshuka kutoka Umakondeni, tunamwita Hakimu, maana hakuna kesi asiyoihukumu. Mudathiri ni Mizani kwa sababu anauza samaki. Mimi wananiita Mzee wa Lawama, jina ambalo sikuliomba wala silikubali.

Jumanne ile basi lilisimama, kondakta Edwin akamwachia Tawakali bahasha, akaenda zake kuita abiria. Ndani hamna barua. Kadi tu, ya shujaa mwenye mabawa ya shaba, zile zilizokuwa zikitoka kwenye bablishi sisi tuko darasa la tatu. Pembe yake moja imeng'atwa. Tawakali akaketi, na Tawakali huwa haketi.

Ikabidi nimweleze Hakimu, mtu wa kuja. Enzi zile ukishinda kadi unaing'ata pembe, mtu asikubadilishie. Na mabawa ya shaba ilikuwa moja tu Kivinje nzima, ya Khamisi, kaka yake Tawakali. Aliondoka nayo kwenda Sauzi miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo hata salamu. Mama yao amekufa anamuulizia.

Hakimu akaipiga picha, akaituma kwenye kundi la wanunuzi wa kadi huko Dar. Wakajibu papo hapo: ikiwa orijino, laki tatu. Bila hilo jino ingefika milioni.

— Feki hii, akasema Hakimu. Orijino ukiiweka juani mabawa yanapepea.

— Tuipime, akasema Mizani, akaitupia kwenye mizani ya samaki. Mshale haukutikisika, naye akatugeukia. Mnaona? Nyepesi mno.

— Hapo ndipo umeharibu kesi. Orijino ndiyo haina uzito.

Basi wakaendelea hivyo, wakaianika na juani. Mizani akainusa, akasema ina harufu ya meli. Hakimu akasema lile si jino la mtu, ni la panya wa Durban, na panya wa kule wana elimu. Akamalizia kwa methali, kipya kinyemi ingawa kidonda, eti maana yake cha zamani ndicho chenye bei. Niliumwa na kichwa.

Tawakali alikuwa anapitisha kidole kwenye alama ya meno. Palikuwa na meno mawili na nafasi katikati.

— Khamisi ana mwanya, alisema polepole.

Hawakumsikia. Mimi nilisikia nikanyamaza, na lawama hiyo ni yangu.

Hakimu hakumwacha. Unauza, huuzi? Jamaa wanasubiri. Akamuuliza mara tatu, na mara ya tatu Tawakali akapandisha sauti mpaka abiria kwenye basi wakageuka.

— Nauza. Wakileta hiyo laki tatu nauza sasa hivi, mniache nipumue.

Basi likajaa, likaondoka. Sisi tukabaki na kadi yetu, tunabishana. Baadaye akaja dada mmoja, Apolonia, mtu wa Kilangala, na furushi lake, anangoja basi linalofuata. Akanunua kahawa, akatusikiliza kikombe kizima.

— Samahanini, kaka zangu. Huyo kondakta, bahasha alipewa na nani?

Tumeipima, tumeinusa, tumeianika juani, na hakuna aliyeuliza hilo. Tawakali akapiga simu, akaweka spika.

— Kuna bwana alipanda Nangurukuru, Edwin akasema. Aliniomba nikupe, nisiseme kitu. Alitaka kwanza atazame kama utaikumbuka. Ukiikumbuka, ashuke.

— Alikuwa wapi?

— Dirishani, upande wenu huo huo.

— Alisikia niliyosema?



— Kaka, basi zima tulisikia.

Yule bwana, Edwin akaongeza, alikuwa ameshashuka Masoko. Hakuaga. Aliuliza tu magari ya Dar yanatoka saa ngapi.

Tawakali hakuvaa hata ndala. Alisimamisha bodaboda ya kwanza, akapanda huku kadi ameing'ata menoni ili mikono yote imshike dereva, na birika likabaki juu ya makaa. Nilitamani kumwambia Khamisi kwamba mdogo wake aliijua ile kadi kabla hajaitoa yote kwenye bahasha. Nilitamani sana. Nimwambie kupitia wapi?

Apolonia alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

— Mnadhani atamkuta?

Hakimu, ambaye hajawahi kukosa hukumu, akainamia kikombe chake. Kilikuwa kitupu, na wa kumimina hayupo.