Gari Lililopimwa kwa Sanduku: Maisha ya Gervas Albano Mrope

Tumsifu Yesu Kristo. Anayewasomea ni Monica, mdogo wake marehemu. Mtanivumilia nikisoma kama mtu aliyechanganyikiwa, maana nimechanganyikiwa kweli. Kaka yangu alikuwa mtu wa kueleweka kwa kuchelewa.

Marehemu Gervas Albano Mrope alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Ndanda, Masasi, mtoto wa kwanza wa Mzee Albano, fundi seremala, na Mama Anna. Kwa baba alirithi ukimya na tabia ya kuweka penseli sikioni, ambayo aliingia nayo hata kanisani siku ya harusi yake.

Alimaliza shule ya msingi Ndanda mwaka 1986, kisha akasomea umakanika Dar es Salaam hadi 1992. Akiwa bado mdogo aliwahi kufungua redio ya baba yote, akaifunga, ikabaki skrubu moja mkononi. Redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Baba hakujua amchape au amsifu, akafanya yote mawili.

Tarehe 26 Septemba 1998 alifunga ndoa na Eufrazia, hapa hapa Dar es Salaam, wakajaliwa Margareta na Stephano. Waliishi Tabata, na mama yetu alikaa nao hadi alipofariki Aprili 2011. Siku ile gari la kubebea maiti halikutokea. Mama aliletwa huku makaburini Kibamba kwenye gari la jirani, buti likiwa wazi, limefungwa kamba, na Gervas amegeuka kwenye kiti cha nyuma ameshikilia jeneza. Mvua ilinyesha njia nzima. Hakuizungumzia siku ile tena.

Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa gereji Tabata, mtu wa kusikiliza injini na kukwambia inaumwa nini. Mwaka 2019 akaajiriwa na kampuni ya Usafiri Rahisi, Kigamboni, iliyokuwa ikitengeneza gari dogo la umeme la bei nafuu, la mtu wa kawaida kwenda kazini na sokoni. Sisi tulishangaa: mtu wa injini anaendaje kutengeneza gari lisilo na injini? Siku moja alinipakia kwenye gari la majaribio. Nilikaa nikimsubiri aliwashe, kumbe tumeshafika Kimanga.

Februari 2024 aliingia nyumbani na sanduku refu la mbao, tupu, alilolipiga mwenyewe. Asubuhi analipeleka kazini, jioni analirudisha, anapunguza hapa, anaongeza pale. Akiulizwa, anajibu ni vipimo vya kazi na kazini wamekatazwa kusema. Majirani wakaanza: "Mzee Mrope siku hizi anauza majeneza?" Wifi yangu akamwita padre aje kubariki nyumba. Padre alisali, akalitazama sanduku, akakaribishwa chai, akaondoka akiwa haelewi kama sisi.

Juni 2024 akagundulika ana ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu. Basi tukajua tumeelewa. Wifi alilia: "Baba Margareta, unajitengenezea jeneza mbele ya macho yangu?" Akamjibu kwa upole, "Mama, hili si langu. Ni la kila mtu." Hapo ndipo alipotuvuruga kabisa. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, alfajiri, mke wake akiwa amemshika mkono.

Linalofuata halimo kwenye karatasi mlizoshika, kwa sababu limetokea leo asubuhi. Tulikuwa mochwari tukisubiri gari la kukodi. Likaja gari dogo jeupe, kimya, hata hatukulisikia. Akashuka Sekela, mhandisi mwenzake, pamoja na Bwana Adelard, mkuu wa mradi.

"Shikamoo dada. Tumekuja kumchukua mzee," Sekela akaniambia.

"Kwa hilo?" nikamuuliza.

Akalaza viti vya nyuma, akalaza na cha mbele cha abiria, sakafu ikawa moja kutoka mbele hadi nyuma. Jeneza likaingia.

"Wakubwa walitaka nyuma pakatwe ili bei ishuke zaidi," Sekela akasema. "Mzee akagoma, wakataka kumtoa kwenye mradi. Yeye alikuwaga anasema gari la mtu wa Tabata linabeba bibi harusi, linabeba magunia, linabeba na msiba. Lisipobeba jeneza, basi hiyo ni pikipiki yenye paa. Ndo maana kila siku sanduku, sanduku."

Wifi yangu alikaa chini pale pale, akalia upya. Mimi nikaikumbuka ile kamba.

Bwana Adelard, ambaye ndiye aliyetaka pakatwe, aliushusha mlango wa nyuma mwenyewe. Ukafunga. Akaufungua, akaushusha tena. Ukafunga. Akamwambia Sekela, "Hapa hapakatwi."

Bado sijui kama kaka alipima kwa ajili ya mama, kwa ajili yake, au kwa ajili yenu nyote. Sanduku liko sebuleni, na hakuna anayejua tulifanyie nini.

Marehemu ameacha mjane, Eufrazia, watoto wawili, Margareta na Stephano, na mimi mdogo wake. Tunamlaza leo karibu na mama.

Kaka Gervas, mlango umefunga, bila kamba. Pumzika kwa amani.