Papa Adrien na Mashyuza ya Nyuma ya Kinu

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, saa nane kamili, Papa Adrien Twagirayezu atavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na minane katika kiwanda chetu cha chokaa hapa Muganza. Waliomwajiri wote wameshastaafu na wanatembelea fimbo. Mashine aliyokabidhiwa bado inazunguka. Nani alitunzwa vizuri zaidi, jazeni wenyewe.

Kwa wale wa ofisini, wanaoijua chokaa ikiwa ndani ya mfuko tu, nieleze kidogo. Kinu chetu kikubwa kinazungushwa na giaboksi, sanduku la chuma lenye meno yanayoogelea kwenye oili. Meno yakisagana, oili inapata moto, na oili ikichemka sana meno yanaliwa. Zamani tuliipoza kwa feni. Feni, katika joto hili la Bugarama! Ilikuwa inakusanya moto wa nje na kuupeleka ndani, pamoja na vumbi la kutosha.

Mwaka 2004 Papa Adrien akaleta maji. Alikunja bomba za shaba kama utumbo wa mbuzi, akazilaza ndani ya oili, akavuta maji ya mto Rubyiro kwa pampu na kuyapitisha kwenye chujio la mchanga. Yakaingia baridi, yakatoka moto, giaboksi ikatulia. Siku ya kuwasha alifumba macho, midomo inacheza. Watu wanasema alikuwa anasali. Mimi nilisimama karibu: alikuwa anahesabu bolti.

Tangu hapo, kila miezi mitatu anafungua bomba na kutoa ukoko ulioganda ndani. Tena ana kipimo chake cha oili: tone moja juu ya bati la moto. Likinyamaza, mambo safi. Likiruka na kulia kama sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye kikaango, ujue maji yameingia. Siku moja bati lilikosekana, akaazima kikaango cha Maman Shadia wa kantini. Wiki nzima chapati zilinuka giaboksi, na aliyezisifu ni yeye peke yake.

Kipimajoto hakitaki. Anagusa bomba kwa mgongo wa mkono na kutaja nyuzi, na hakosei. Tatizo ni kwamba ugonjwa huo amekwenda nao nyumbani. Mkewe, Maman Marguerite, akiweka maharage mezani, mzee anagusa sahani: "Hamsini na mbili." Kwenye harusi ya binti yao aligusa chupa ya bia ya baba mkwe mbele ya wageni wote, akasema ishirini na sita, irudishwe.

Sasa niseme lile ambalo halijawahi kuandikwa.

Mwaka 2011 giaboksi ilianza kupata homa. Enjenyeri Christophe-Aimé, mkubwa wetu wakati ule, alimpa Papa Adrien mpaka Jumamosi. "Ukishindwa," akasema, "utang'oa hayo mabomba yako na utaenda nayo kwako." Watu walicheka. Papa Adrien hakucheka. Alikuwa na watoto wanne shuleni Mibirizi. Siku tatu alibadilisha pampu, akaosha chujio, akafungua bomba zote. Zilikuwa safi. Homa ikabaki palepale.

Ijumaa akaketi na daftari la zamu, akaona kitu. Joto lilikuwa linapanda kila siku saa saba na kushuka saa nane na nusu. Jumapili halipandi. Akafunga daftari, akasema: "Mashine haina saa mukononi. Ni muntu."

Saa saba na robo akaweka mgongo wa mkono kwenye bomba la kurudisha maji, akalifuata hatua kwa hatua, akazunguka ukuta wa kinu. Huko akakuta wazee wawili, suruali zimekunjwa magotini, miguu ndani ya pipa lililokatwa, maji yanatoa moshi, nyuso zimelegea kama za maaskofu.

Mnajua hapa kwetu mtu akiumwa mgongo anatumwa kwenye mashyuza, zile chemchemi za maji moto. Ila mashyuza ni mbali, na bomba liko karibu. Wazee wale walitoboa tundu, na maji yalipotoka vuguvugu tu, kila mchana wakawa wanaifunga nusu valvu ya bomba hilo, ule mlango wa maji, ili yaive. Walifikiri maji ya kurudi ni makombo: mashine imeshashiba, yanayobaki yanamhusu nani?

"Kumbe ni ninyi bazee munatafuta banifukuze kazi," akasema Papa Adrien, "juu ya miguu tu!"

"Lakini Papa, sisi tunakamata yenye inatoka," mmoja akajibu.

"Ukifunga mulango wa kutoka, wa kuingia atapitia wapi?"

Akafungua valvu. Alipoulizwa na Enjenyeri, alisema maji yalibanwa kwenye bomba la kurudi, ameshatengeneza. Nani aliyabana? Akasema: valvu. Jumamosi ikafika, mabomba yakabaki, naye akabaki. Majina ya wazee hakuyataja siku ile wala baadaye, maana angeyataja wangefukuzwa watu wawili wenye familia nyuma yao.

Mmoja alikuwa Mzee Niyomugabo, ameshapumzika, Mungu amlaze pema. Mkono ulioifunga valvu ni huu unaoandika. Nimestaafu tayari, mje mnifukuze.

Tena hakuishia hapo. Mwezi uliofuata alijenga beseni la saruji mahali pa lile pipa, ili maji yapite humo bila kubanwa, halafu yaende bwawani. Vuguvugu tu, lakini halali. Miaka kumi na minne kila zamu inatoka humo ikitembea kama vijana. Yeye peke yake hajawahi kuingiza hata kidole. Ukimwita anasema, "Mimi niko kazini," huku tunamwona anavyoshuka ngazi upandeupande, miguu imekwisha.

Basi, Papa Adrien, asante. Asante kwa giaboksi, asante kwa wanafunzi uliowafundisha kupima bomba kwa mgongo wa mkono, asante kwa mdomo ulioufunga. Ijumaa, hotuba zikiisha, hutakuwa tena kazini, na kisingizio kitakuwa kimekwisha. Tumesugua beseni, Maman Marguerite ameleta taulo, na kiti kimewekwa. Vua viatu. Ukae hapo mpaka uchoke kukaa, na nyumbani ukae miaka mingi hivyohivyo, kwa afya na kicheko.

Valvu iko wazi yote. Nimeikagua mwenyewe.

Kamali, fundi mstaafu