Tangi la Kurudi: Maisha ya Fundi Nakuja, 1951–2025

Mama ameniagiza nisome polepole, nisimame wima, na nisichezecheze na karatasi. Nitajitahidi. Mimi ni binti wa marehemu, mshonaji wa mapazia, na kutulia mahali pamoja kunanishinda kama kulivyomshinda yeye. Mkiniona nabadilisha mguu, nivumilieni.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa hatua ishirini kutoka kwenye reli. Baba yake alikuwa mlinzi wa kivuko, mtu wa kufunga na kufungua geti treni zinapopita. Walizaliwa wawili tu, yeye na dada yake mkubwa, shangazi yetu aliyeketi hapo mbele. Shangazi anasimulia kwamba marehemu akiwa na miaka minne alipanda kiberenge cha mafundi wa reli bila kuonekana, akaja kugunduliwa stesheni ya pili, ametulia tuli kati ya masanduku ya spana. Baba yake alipofika kumchukua, huku roho ikiwa mkononi, mtoto akamwambia, "Mbona umekuja? Mimi nilikuwa narudi." Neno hilo tumelisikia nyumbani maisha yetu yote, na siku hizi za msiba tumelilia sana.

Alisoma shule nne za msingi, kwa sababu baba yake alihamishwa kila mara. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1971. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti: "Ana akili nzuri, ila hakai kitini." Ripoti hiyo Mama anayo mpaka leo, na amewahi kuitoa kabatini katikati ya ugomvi.

Mwezi Aprili 1972 aliajiriwa katika karakana ya mabasi kama fundi wa pampu za dizeli, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Alikula amesimama. Alisikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni, kisha akataja ugonjwa kabla dereva hajamaliza kueleza. Basi likiharibika njiani, wenzake wakianza kuhesabu vifaa, yeye alikuwa ameshapanda gari la msaada na kupunga mkono: "Nakuja!" Ndipo wakambandika jina la Fundi Nakuja. Wengine wenu mlioketi hapa hamkuwahi kulijua jina lake lingine.

Aliyekuwa akipokea simu za mabasi yaliyoharibika ni opareta mmoja mwenye sauti ya taratibu, ambaye ni mama yetu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1978. Kabla ya kukubali, Mama alimpa sharti moja, na alilisema mbele ya Shangazi ili pawe na shahidi. Alisema, "Mimi sitakuzuia kwenda. Lakini mafuta ya kurudi yawepo. Sitaki siku moja nipigiwe simu kwamba umefia barabarani kwa watu nisiowajua." Hofu hiyo haikumtoka Mama kwa miaka arobaini na saba. Aliishi nayo huku sisi tukicheka.

Sasa nifike kwenye Kibanda, maana najua ndicho mnachokisubiri.

Mwaka 1994 marehemu alinunua gari-nyumba kuukuu, lililoundwa mwaka 1983, lenye kitanda, jiko la plati mbili na pazia ambalo nililibadilisha mimi mwenyewe kwa aibu. Tukaliita Kibanda. Lilikuwa na tangi moja la dizeli. Yeye akalifungia la pili, alilolitoa kwenye basi bovu, akaliita tangi la kurudi. Utaratibu wake ulikuwa huu: kwenda ni kwa tangi la kwanza, na la pili haliguswi mpaka gari ligeuze uso kuelekea nyumbani. Hata safari ikinoga vipi, la kwanza likikaribia kuisha, anageuza. Alienda sana, jamani. Alienda wiki mbili za likizo, alienda Jumamosi asubuhi, alienda siku ambayo alikuwa na wageni. Lakini alirudi.

Na tangi hilo alilitunza kuliko alivyotunza meno yake. Alilijaza hadi juu, kwa sababu tangi lenye nafasi hutoa jasho ndani, na jasho likishuka chini ni maji. Panapokutana maji na dizeli huota ute mweusi unaoziba kila kitu. Basi kila miezi mitatu alifungua nati ya chini akamwaga kidogo kwenye chupa ya jemu, akaitazama kwenye mwanga. Kila miezi sita aliyachoma mafuta yaliyozeeka kwa kuzunguka mjini, Mama akiwa pembeni anafuma sweta, kisha akalijaza upya. Dawa ya kuzuia ute aliipima kwa kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi, kilichoandikwa GARI kwa rangi ya kucha ya Mama. Alitanguliza dawa, ndipo akamimina dizeli juu yake ichanganyike. Vidonge vyake mwenyewe vya presha, kwa upande mwingine, alivimeza alipokumbuka.

Kulikuwa na koki mbili za kubadilisha tangi. Injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayoyachoma, na yanayobaki huyarudisha tangini. Kwa hiyo koki moja ni ya kwenda na nyingine ni ya kurudisha, na lazima zigeuzwe zote. Mwaka 1995 Mama aligeuza moja. Tangi moja likawa linamiminia jingine kimyakimya, mpaka dizeli ikafurika barabarani kilomita nzima na mtu wa baiskeli akateleza. Marehemu hakugomba. Alimketisha Mama chini ya gari na kumfundisha kwa mkono, akamwambia, "Siku mimi siwezi, utageuza wewe."

Mwezi Januari 2024 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Hospitali wakasema moyo umechoka, asiendeshe gari tena. Kibanda kikafunikwa turubai, na yeye akafunikwa blanketi, na sijui nani kati yao aliteseka zaidi. Alikaa dirishani mwaka mmoja na nusu akigongagonga kioo kwa kucha. Mwezi Julai mwaka huu alisema anataka kuiona ile nyumba ya kivukoni, atembee zile hatua ishirini hadi kwenye reli. Ni kilomita mia moja na kumi. Siku ya tatu Mama akasema, "Tangi la kurudi lijae."

Kazi hiyo nilipewa mimi, na hapa kuna jambo ambalo lazima nilisome, ingawa kaka yangu mchomeleaji alisema si lazima lichapishwe.

Nilipofungua nati ya chini, chupa ilijaa maji na ute mweusi kama masizi. Gari lilikuwa limesimama miezi kumi na minane. Baba aliitazama chupa kutoka dirishani, akasema matangi yashushwe yaoshwe. Mimi nilitaka twende. Nilimwona anavyopungua, na kila siku ilinichoma. Nikachukua kile kikombe, nikapima mara tatu ya kipimo katika kila tangi, nikajaza dizeli mpya juu ya uchafu, nikamwambia nimeshaosha. Nilimdanganya baba yangu.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti, alitembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi kwenye Kibanda, na fimbo mkononi, na kofia ameivaa upande. Tuliondoka, mimi nikiwa kwenye usukani. Ute ulikuwa umekufa kweli, na ukabanduka wote kwa pamoja ukaziba chujio. Injini ilizimika hata hatujamaliza mtaa, nikashuka.

Aliniita karibu na dirisha. Nilidhani atanifokea.

"Uliweka vikombe vingapi?"

"Vitatu, Baba. Kila tangi."

"Dawa inazuia uchafu, mama. Haiuoshi." Akapumua kwanza. "Mwite kaka yako. Yashusheni."

Ilituchukua wiki nne kuyashusha, kuyaosha kwa mikono, kuyakausha, kubadilisha mipira na machujio. Katika wiki hizo nne miguu yake ilikataa kabisa. Siku tulipomaliza, alibebwa kwenye kiti hadi kwenye Kibanda. Wiki hizo ni mimi niliyemnyang'anya, na sijapata pa kuziweka.

Tulisafiri Jumanne, tarehe 16 Septemba. Kaka aliendesha. Nyumba ya kivukoni haikuwa na milango wala madirisha, ila ukuta wake ulisimama, na reli ilikuwepo. Tulimwinua aione kupitia kioo. Nilianza kulia, nikamwomba msamaha kwa zile hatua. Alinishika kidole, si mkono wote, akasema, "Hatua hizo nilishazitembea sana nikiwa na miaka minne. We umenileta, basi." Aliitazama reli muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote kisichokwenda. Kisha akasema, "Haya. Turudi."

Mama alishuka, akaingia chini ya gari na gauni lake la kanisani, akageuza koki. Zote mbili.

Tulifika nyumbani saa kumi kasoro dakika tano jioni. Baba hakuwa na desturi ya kuzima injini upesi; miaka yote Mama alimsihi, naye akajibu kwamba anatoka tena sasa hivi. Siku hiyo aliuliza, "Tumefika?" Mama akamwambia tumefika. Akasema, "Basi zimeni." Aliomba aachwe kidogo kitandani mle ndani, na Mama akabaki naye. Alifariki saa kumi na dakika ishirini, ndani ya geti lake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Mama anasema amefia nyumbani, na anayetaka kubishana kwamba nyumba hiyo ilikuwa na magurudumu akabishane naye.

Asubuhi ya leo Mama aliniita pembeni, akanipa kile kikombe, akaniambia nikalijaze tangi la kurudi, na dawa nipime kikombe kimoja tu. Sikumuuliza anataka kwenda wapi.

Marehemu ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, mafundi kumi na saba aliowafunza kazi, na Kibanda.

Baba, umefika. Injini tumeizima. Pumzika kwa amani.