Shangazi Mokihana na Mkazo wa Tano

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha gitaa la chuma katika shule yetu, Mwalimu Mokihana Palakiko anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 30 Mei 2014. Mwalimu mkuu aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu, alisema, mimi ndiye mwanafunzi wake mwenye umri mkubwa kuliko wote. Hakuongeza kwamba mimi pia ndiye mbovu kuliko wote, lakini nyote mmeshanisikia.

Shangazi, kama tunavyomwita wote, wakubwa kwa wadogo, alianza kazi Agosti 1980 katika chumba kilichokuwa stoo ya viti nyuma ya bwalo la chakula. Alikuja na magitaa matatu ya kwao nyumbani. Marehemu baba yake, Mzee Solomon, siku za kazi alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sukari, na Jumamosi alikuwa mpigaji anayegombewa na kila mwenye harusi kutoka hapa mpaka mji wa Hilo. Leo chumba kile kina magitaa kumi na sita, na viti vimehamia ofisini kwangu.

Waliopita mikononi mwake wanajua kwamba somo la kwanza halina gitaa. Unaketi, unaimba. "Usichoweza kukiimba usikitafute kwenye uzi, hakipo," husema. Wiki ya pili ndipo anapolilaza gitaa mapajani mwako na kukupa kipande cha chuma ukiteleze juu ya nyuzi, na hapo aibu zako zote hutoka nje, maana hakuna alama kwenye shingo ya gitaa ya kukuonyesha sauti inakaa wapi. Wengi tukipotea hukitikisa chuma ili kosa lionekane pambo. Kwake halipiti hilo. "Fika kwanza, ndiyo utikise. Unatetemeka njiani, unaogopa nini?" Kauli hiyo nimeiazima kwa miaka kumi na tisa kwenye hisabati ninayofundisha, na watoto wanaopamba majibu wasiyoyajua wanaifahamu vizuri.

Mimi kilichonishinda kwa muda mrefu ni kuzima. Uzi usioupiga nao ni kazi yako. Lazima kiganja kiulalie unyamaze. Mwaka 2003 nilimpigia wimbo mzima wakati wa chakula cha mchana. Alisikiliza huku akitafuna andazi la mama yangu mpaka likaisha, akajipangusa sukari, akasema, "Umejitahidi, Medeiros. Sasa rudia bila zile kelele nyingine." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilirudia.

Wanafunzi wake kumi na mmoja leo wanakula kwa gitaa hili, kuanzia Honolulu hadi Japani. Vikombe vya mashindano viko kabatini, mnaweza kuvihesabu wenyewe. Kwangu mimi kazi yake kubwa iko ukutani mwa darasa. Wapigaji wa zamani hapa kwetu walificha mkazo, yaani namna kila mtu anavyozikaza nyuzi zake ili zitoe sauti yake ya pekee. Mzee Solomon alikuwa akipiga amewapa watu mgongo, na kabla ya kuinuka, hata kama anakwenda kunywa maji tu, alizilegeza nyuzi zote sita. Ndivyo nyimbo nyingi zilivyozikwa pamoja na wenyewe. Shangazi aliiandika mikazo minne ya familia yake ukutani kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, asome anayetaka. Wazee kadhaa waliacha kumsalimia, naye hakujali.

Lakini ulikuwepo wa tano. Huo, wenye wimbo wake mmoja, alikuwa akiupiga mazikoni tu, na kila aliyefiwa katika vijiji hivi anaujua kwa sikio. Baba yake alimpa akiwa na miaka kumi na tisa kwa ahadi moja: asimwambie mtu asiye wa damu yao. Naye Shangazi alimpa mwanawe wa pekee, Kaipo, na huyo angetosha. Mwaka 1999 Kaipo alifariki kwa ajali ya gari kwenye barabara ya pwani, siku ya mvua, akiwa na miaka ishirini na miwili. Shangazi alimpigia mwanawe mwenyewe wimbo ule, akazilegeza nyuzi, akarudi darasani Jumatatu. Tangu hapo tulizoea kugeuza nyuso anapoanza kuukaza, tusiione siri yake, na watoto nao tuliwafundisha hivyo.

Februari mwaka huu tulimzika Bi Fusae Oshiro, mpishi wetu, na Shangazi akampigia. Kesho yake darasani, Shaylene Agbayani, mwenye miaka kumi na sita, aliuliza bila ubaya wowote, "Shangazi, na wewe utapigiwa na nani?"

Kwa wiki mbili alitufundisha kwa maneno tu, gitaa lake likiwa kwenye sanduku. Siku moja tukielekea kwenye magari aliniambia, "Nikivunja ahadi, baba nitamtazama kwa uso gani? Nikiitunza, wimbo niliompigia Kaipo wangu hautapigwa tena na mtu." Nilimbebea mwavuli.

Jumanne wiki hii aliupiga wimbo ule mbele yetu darasani, siku isiyo na msiba. Akainuka bila kuzilegeza nyuzi, akaliacha gitaa juu ya kiti, akanivuta mkono twende kula. "Baba alinikataza kumwambia mtu," alininong'oneza. "Kuacha mlango wazi hakukataza." Alikula poi yake, ule uji mzito wa majimbi, taratibu sana, nami sikuwahi kumwona akiangalia saa mara nyingi kiasi kile.

Tuliporudi, watoto wote kumi na wanne wa darasa walikuwa wameketi vilevile, nyuso zimeelekea dirishani. Hakuna aliyelisogelea gitaa. Shaylene alikuwa amelifunika kwa sweta yake lisiingie vumbi.

Shangazi alisimama mlangoni. "Nyinyi watoto mna adabu mpaka mnakera," alisema. Akaingia, akaitoa sweta, akaikunja, akaketi. "Haya, geukeni. Na wewe Medeiros, shika brashi. Umeshindwa kupiga, kuandika huwezi kushindwa."

Kwanza alizungumza na marehemu baba yake kwa lugha yetu ya asili. Maneno yale yalikuwa ya watu wawili, siyaandiki hapa. Kisha akaanza na uzi mnene, akaupiga, akataja sauti yake kwa kinywa chake mwenyewe. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alilazimika kuutaja mara mbili. Nililia nikiwa na brashi mkononi, sioni haya kusema, na ndiyo maana mstari wa tano ukutani umepinda. Alipomaliza wa sita alimwita Shaylene aketi mahali pake, akamwambia aimbe kwanza.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote, tunakushukuru, Shangazi, kwa masikio uliyotupa, na kwa ahadi uliyoivunja kwa ajili yetu, ambayo tunajua ilikugharimu. Nenda kapumzike kwenye shamba lako la majimbi, na tukija kukutembelea tuvumilie. Tupo kumi na watano sasa tunaoweza kuupiga wimbo ule, nami nikiwa wa mwisho kwa ubora. Maisha mema, na yawe marefu mno: hatuna haraka yoyote ya kukupigia.

Clifford Medeiros
Mwalimu wa Hisabati