Kipriani Ndayikeza, Fundi Aliyeuliza Gari Limegonga Nini

Marehemu Kipriani Bazilio Ndayikeza alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1994, hapa hapa Kitahana, wilaya ya Kibondo. Alikuwa mtoto wa tatu wa Epifania na wa marehemu Bazilio Ndayikeza. Alibatizwa Pasaka ya mwaka ule ule.

Alianza shule ya msingi mwaka 2002 na kumaliza 2008. Sekondari aliishia kidato cha pili, kwa sababu baba yake alifariki mwaka 2010 na shamba likabaki bila mtu. Zamani, Kipriani alipokuwa na miaka tisa, mama yake alirudi kutoka shambani akakuta sufuria yake kubwa, iliyokuwa imebonyea ubavuni, imenyooka kama mpya. Kipriani alikuwa ameishika dirishani kwenye mwanga, akaisukuma kwa kidole gumba kutoka ndani, kidogo kidogo, kutwa nzima. Alipoulizwa kwa nini hakwenda shule, alisema sufuria ilikuwa inaumwa.

Mwaka 2012 alikwenda Kasulu kujifunza kunyoosha bodi za magari kwenye gereji ya Mzee Twalibu. Mwaka 2017 alikaa Mwanza mwaka mmoja, akajifunza kuondoa mibonyeo midogo bila kuharibu rangi, kisha akarudi kwa Mzee Twalibu. Kazi hiyo haina nyundo kubwa. Alipenyeza chuma chembamba nyuma ya bati na kulisukuma taratibu. Mbele yake alisimamisha ubao mweupe wenye mistari myeusi, akawa anaitazama mistari hiyo ndani ya rangi ya gari, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Palipobonyea, mistari ilipinda. Iliponyooka, kazi ilikuwa imekwisha.

Alikuwa na desturi yake. Hakugusa gari kabla ya kumuuliza mwenyewe limegonga nini. Alichojibiwa alikiandika kwa peni ya rangi upande wa ndani wa bati, mahali pasipoonekana, pamoja na tarehe. Mzee Twalibu, ambaye ni Mwislamu, alimtania kila siku: "Padri, umeshaliungamisha hilo? Lete basi tulifunge."

Tarehe 21 Septemba 2019 alifunga ndoa na Aline Nkunzimana, hapa Kibondo. Walijaliwa watoto wawili, Winnie na Bazilio mdogo. Bazilio alipozaliwa, Aprili 2023, mama yake Kipriani alihamia Kasulu kumsaidia mkwewe kulea.

Yanayofuata marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe.

Jumanne tarehe 6 Juni 2023 lililetwa gereji gari dogo la kijivu. Lilikuwa limebonyea kwenye fenda ya mbele kushoto, lile bati la juu ya tairi. Mwenyewe alisema amegonga mbuzi. Kipriani aliandika "mbuzi" na kulinyoosha. Jioni, mama yake alipokuwa akifua ovaroli, alikuta uzi wa bluu umenasa kwenye mkono. Aliutupa jikoni kwenye moto, ukanuka kama nywele.

Tarehe 11 Julai gari lile lilirudi, limebonyea pale pale, kwa umbo lile lile. Mwenyewe alisema tena ni mbuzi. Kipriani aliandika, akanyoosha.

Tarehe 22 Agosti lilirudi mara ya tatu. Kipriani aliuliza kama kawaida. Yule bwana alifunga kwanza mlango wa gereji, kisha akasema, "Fundi, safari hii sijagonga kitu. Naamka asubuhi nalikuta hivi."

Kipriani alipima kwa kiganja. Mbonyeo ulikuwa kwenye kimo cha bega la mtoto. Ndipo akakumbuka habari iliyokuwa imezungumzwa sokoni. Jumapili tarehe 4 Juni, Immakulata, binti wa Mzee Venanti wa Kitanga, mwenye miaka kumi, aliokotwa kando ya barabara akiwa amekufa. Alikuwa amevaa sweta la shule kwa sababu ya baridi. Sweta lilikuwa la bluu. Gari lililomgonga halikujulikana.

Siku ile Kipriani hakunyoosha. Aliandika ndani ya fenda neno "mtoto", akarudisha kila kitu mahali pake, akamwambia yule bwana aende Kitanga. Yule bwana aliondoka na hakurudi tena gereji.

Tangu hapo mistari ya ubao haikunyooka kwenye gari lolote. Hata kwenye bati zima, ilipinda kama inamzunguka mtu mfupi aliyesimama nyuma ya fundi. Kipriani aligeuka mara nyingi asione mtu. Mzee Twalibu aliitwa kutazama. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaufunika ubao kwa turubai na kumwambia akapumzike nyumbani.

Kipriani alitaka kwenda kwa Mzee Venanti na polisi. Mama yake alimzuia. Alimwambia, "Una watoto wadogo, mwanangu. Nyamaza." Alikaa mlangoni siku nzima ili asitoke. Kipriani alimtii mama yake, na wote mjue kwamba kunyamaza kule hakukuwa kwake.

Januari 2024 miguu yake ilianza kuvimba, na madaktari walisema ni figo. Alitibiwa Kasulu na baadaye Kigoma. Kitandani mkono wake haukutulia. Alipapasa ukuta, akapapasa blanketi, akasema, "Mama, hapa pamebonyea." Aliacha kumbeba Winnie. Alisema kila akimshika, bega la kushoto linaingia ndani. Siku tatu kabla ya mwisho alimwambia mama yake, "Wasifu wangu uandike wewe. Usimpe mwingine, ataruka mambo." Alifariki Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa umetulia juu ya kifua.

Fenda ile ilivyo leo hatujui. Huenda imepakwa rangi upya. Lakini ukifungua plastiki iliyo juu ya tairi, ndani yake kuna maandishi matatu ya Kipriani na tarehe zake. Yule bwana alileta rambirambi nyumbani Alhamisi jioni, na alisema leo atakuja kuzika. Kama gari la kijivu limeegeshwa hapa nje, tunaomba lisiondoke kabla ya kufunguliwa. Mwenyekiti wa kijiji ana taarifa.

Marehemu ameacha mama, Epifania, mjane, Aline, watoto wawili, Winnie na Bazilio, kaka wawili na dada mmoja, na mwalimu wake wa kazi, Mzee Twalibu. Mzee Venanti wa Kitanga ameombwa kukaa mbele pamoja na familia.

Kipriani mwanangu, nimesema. Sasa lala, Mungu akupokee.