Fundi Ndelilio na Land Rover ya Theodory

Baba yetu mpendwa, Ndelilio Eliufoo, alizaliwa Old Moshi tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu wa Mzee Eliufoo na Bibi Martha. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968, akaenda kushika spana kwa mjomba wake Kiboriloni.

Mwaka 1979 alifungua gereji yake Shirimatunda. Watu walimfuata hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Holili, Kenya, wakitaka kujua kama wameuziwa gari la kale kweli au jipya lililoundwa kwa sura ya zamani. Maneno ya muuzaji hayakumshughulisha. Alijilaza chini ya gari na brashi ya waya, akasugua kutu, akasoma namba iliyogongwa kwenye chasisi na kuilinganisha na kadi. "Bodi ni nguo," alizoea kusema. "Mnionyeshe mifupa!"

Alifunga ndoa na mama yetu, Eliona, tarehe 5 Desemba 1981. Msimamizi wake, rafiki yake Theodory, aliwabeba maharusi kwa Land Rover yake ya mwaka 1967.

Kosa lake hatulifichi, maana mwenyewe aliagiza lisomwe. Mwaka 2012 alikagua magari ya kale kwenye maonyesho mjini Moshi. Alipoona Land Rover ya Theodory ina bodi mpya, hakuinama hata kidogo. Alitangaza mbele za watu kwamba ni ya kuigiza. Theodory aliondoka bila kuaga, na hawakusalimiana tena miaka kumi na mmoja.

Mwaka 2023, figo zikiwa zimeanza kumsumbua marehemu, Godbless, mtoto wa Theodory, alileta gari hilo kubadilishwa springi bila kumwambia baba yake. Marehemu alijilaza chini, akasugua. Namba ilikuwa ile ile ya kwenye kadi. Godbless alieleza kwamba gari lilipinduka zamani, likavishwa bodi nyingine, basi. Alitoka chini akilia.

Kesho yake alipanda kwa Theodory na jani la isale, ambalo Mchagga akipelekewa hawezi kukataa kusamehe.

"Theodory, nilikukosea. Sikuinama."

"Miaka kumi na mmoja, Ndelilio! Ingia ndani, ndizi zinapoa."

Tangu hapo walikwenda kanisani pamoja kila Jumapili, wakibishana njia nzima.

Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni 2025, mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na Theodory, ambaye marehemu alitaka aandikwe kati ya ndugu zake wa damu.

Pumzika kwa amani, Baba. Land Rover iliyokutoa kanisani na bibi harusi wako ndiyo iliyokuleta leo kihambani, kwenye migomba ya ukoo utakapolala, na aliyeiendesha ni yule yule.