Kofia ya Mawe ya Bi Ghanima binti Thabit

Jamaa mliohudhuria, na akina mama mtakaoisoma karatasi hii huko ndani: sote tumechoka siku hizi tatu za msiba, basi maneno haya yapokeeni yalivyo.

Bi Ghanima binti Thabit bin Sleyum alizaliwa Mkunazini, Unguja, tarehe 4 Mei 1952, katika nyumba ambayo kila mwanamke alishona kofia. Mama yake alimtia sindano mkononi kabla hajajua kujifunga kanga sawasawa.

Alianza skuli mwaka 1959, akawa wa kwanza darasani kwa kuchora na wa mwisho kwa hesabu, wala hakuona haya kulisema. Mwaka 1964 masomo yalikatika, na habari za mwaka ule hakupenda kuulizwa. Mwaka 1972 aliingia Oman na wazazi wake, akasomea ualimu Muscat, na kuanzia 1977 mpaka alipostaafu 2007 alifundisha kuchora na kazi za mikono katika skuli ya wasichana hapa Ibra.

Tarehe 19 Septemba 1975 aliolewa na Bwana Suud bin Hood, mzaliwa wa Wete, mpima barabara wa serikali. Tangu siku hiyo Bwana Suud hakuvaa kofia ya dukani. Mkewe hakuweza kukiacha kitu kilivyo. Hata sambusa alizipanga duara juu ya sinia, kubwa nje na ndogo ndani, na mgeni aliyethubutu kuanza na ya katikati alisemwa mpaka akome. Tulizila zimepoa miaka yote hiyo, na leo tungezila hata baridi ya barafu.

Alipostaafu, macho yakaanza kumkataa. Alikaa miezi na kofia moja mapajani, anashona na kufumua, mpaka siku moja akaitupa kando na kumwambia mumewe, "Suud, sindano siioni tena. Jiwe naliona." Bwana Suud alicheka, akadhani ni maneno ya hasira tu. Wiki iliyofuata walikuwa uwandani, magharibi ya Ibra, kwenye changarawe tupu isiyootesha hata mwiba, yeye anashika kamba na vigingi vyake vya upimaji, mkewe anamwelekeza.

Kazi hiyo iliwachukua miaka kumi na zaidi. Ilikuwa kofia ya viua, ile ya kwetu yenye vitundu vya kushonwa, imelazwa chini kwa mawe meusi na meupe, kubwa kiasi kwamba aliyesimama ukingo mmoja hakusikiwa na aliye ukingo wa pili. Bwana Suud alibeba mawe kwa gari mpaka mgongo ukamshinda. Akasema, "Khalas, bibi, miye nimechoka." Akajibiwa, "Hata mimi nimechoka. Lete lile jeupe." Kutoka chini hukuona kitu ila mawe. Binti yao Fawziya aliporusha juu kamera ya kuruka na kuwaonesha picha, wazee wale wawili walikaa chini pale pale kwenye changarawe, wakalia.

Sasa, kila kiua alikitia mawe matatu ya kusimama. Nanyi mnajua kwetu huku kaburi la mwanamke hujulikana kwa mawe matatu. Basi wapita njia wakaona uwanda mzima wa makaburi ya wanawake. Watu walisimamisha magari, wakawaombea rehema, wakaenda zao. Mwanzo Bi Ghanima alicheka sana. Baadaye akaacha kucheka.

Mwaka 2021 ilikuja mitambo ya barabara mpya. Wafanyakazi waliyaona mawe, wakazima injini. Mhandisi wao akaja nyumbani kwa adabu zote kuuliza ni makaburi ya ukoo gani, ili barabara ipindishwe. Bwana Suud akamkazia macho mkewe. Neno moja tu, au kunyamaza tu, na kazi yote ingesalimika. Bi Ghanima alimmiminia mgeni kahawa, kisha akasema, "Hakuna maiti pale, mwanangu. Ni kofia."

Barabara ilipita katikati. Kilichobaki ni vipande viwili vya pembeni.

"Ungenyamaza, Ghanima!" Bwana Suud alimwambia. "Nani alikuapisha?"

"Watu wanaombea mawe, Suud. Nimebeba mengi, na hili nalo nilibebe? Wallahi siwezi."

Hakurudi uwandani tena. Bwana Suud alikasirika, na amesema iandikwe kwamba alikasirika muda mrefu.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua Bi Ghanima, akawa mtu wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alihamia kwa Fawziya, Birkat al Mauz, awe karibu na hospitali. Huko alishinda barazani akitazama migomba, mikono imetulia. Hiyo mikono kutulia ndiyo iliyotutia hofu kuliko maneno ya madaktari. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025.

Ameacha mume, Bwana Suud. Watoto wawili, Fawziya, na Laith wa Sur. Wajukuu Wiam na Rahaf. Na dada yake, Bi Khole, aliyeko Muscat.

Siku ile ile tulimleta Ibra kuzikwa, na njia ya karibu ni hiyo barabara mpya. Tulipofika uwandani Laith alipunguza mwendo, akasimamisha gari, akadhani baba yake atataka kushuka. Bwana Suud alitazama kulia, akatazama kushoto. Kutoka barabarani huoni ila mawe. Akauweka mkono wake juu ya jeneza.

"Alisema kweli," akasema. "Twende, baba. Msimcheleweshe, kachoka."

Mola amrehemu, amlaze pema, na uchovu wote uishie hapa.